Tupeni Hata Hapana

Kibanda changu cha kuchapa na fotokopi kiko hatua chache kutoka lango la ofisi za jiji, kwa hiyo barua nyingi zinazoingia mle ndani hupitia mikononi mwangu kwanza. Maombi ya kazi, ugomvi wa mipaka ya viwanja, wenye maduka wanaoomba kupunguziwa leseni, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, anayetaka kalvati. Hata ofisi zenyewe, wino wa printa ukiisha, hutuma kijana aje achape tangazo kwangu kwa mkopo. Kwa kazi hii nimejua kwamba barua kuandikwa si kazi, na kupokelewa si kazi. Kazi ni kujibiwa.

Jiji lenyewe sitalitaja. Ni mojawapo ya manispaa saba za Uganda zilizolala manispaa zikaamka majiji tarehe 1 Julai 2020: Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Msomaji wa kwetu atalitambua, wa kwingine atadhani nalisema la kwake, na sitawabishia wote wawili.

Mimi ni katibu wa jukwaa la maendeleo la jiji, kazi ya kujitolea. Humo tuko wachuuzi wa soko, waendesha bodaboda, imamu na mchungaji, kina mama wa vikundi vya akiba, watu wenye ulemavu, mwenye hoteli mmoja anayekuja na simu mbili na kuondoka mapema, na mwalimu mstaafu anayependa kanuni za mkutano kuliko mkutano wenyewe. Tunakutana kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya soko letu na hakuna kabila linaloweza kuidai. Kwenye karatasi kazi yetu ni kulishauri baraza la jiji. Kura hatuna, fungu hatuna, ofisi hatuna. Tuna muhuri, na wino wake naununua mimi.

Majukwaa haya hayakuota yenyewe. Mwaka 2010 ulianza mradi wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, TSUPU, katika manispaa 5: Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara, na ndani yake wananchi wakaanza kukaa meza moja na manispaa. Mwaka 2013 ukaja USMID, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 kwa manispaa 14, ule wa barabara zenye mitaro ya zege na taa za sola, na majukwaa yakaenea nao. Nadhani hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kitu kilichokuja na mradi hupimwa kwa kuwepo, hakipimwi kwa kufaa. Mgeni akija kukagua huulizia orodha ya mahudhurio na picha. Orodha ipo, picha zipo. Sijasikia akiuliza ni ushauri upi uliokubaliwa, upi uliokataliwa, na ni nani aliyekuja kuwaambia wenyewe.

Tufuatane na barua moja. Inafika masijala asubuhi. Binti wa masijala anaigonga muhuri, anaandika tarehe, ananirudishia nakala yangu. Wako wanaoiona nakala hiyo kuwa ushindi. Huipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Barua inapanda kwa Karani wa Jiji, mkuu wa watumishi wote. Ana rundo mbele yake. Anasoma kichwa cha habari, anaandika pembeni kwa wino wa kijani, "Afisa Maendeleo ya Jamii, shughulikia", anaisogeza upande wa pili wa meza. Afisa huyo yuko Kampala kwenye warsha, au yuko mitaani akiorodhesha vikundi vya PDM, mpango wa serikali wa kuinua kipato cha maskini. Akirudi anaikuta chini ya nyingine. Anaisoma, anaona inahusu mtaro, na mtaro ni wa mhandisi. Chini ya ule wino wa kijani anaandika, "Mhandisi, tafadhali angalia." Mhandisi anaangalia. Anaandika, "Nimeona." Barua inaingia kwenye faili na faili linaingia kabatini. Hakuna aliyeidharau. Kila aliyeigusa ametimiza wajibu wake, na kila mmoja ana hakika kwamba wa mbele yake ndiye atakayetujibu.

Sasa hesabu wale ambao haikuwafikia: meya, spika, kamati za kudumu za baraza, madiwani, ambao sisi huku tunawaita makansela. Barua ilizunguka upande wa watumishi tu. Kansela atakuja kuusikia mtaro huo sokoni, kutoka kwa muuza samaki, kwa maneno ambayo mimi nisingeyachapa, naye atadhani jukwaa linamzunguka. Miezi ya karibu na uchaguzi ndiyo mibaya zaidi: kila mwenye hoja anaonekana mtafuta kiti. Na tusifichane, baadhi yetu walikuwa wanakitafuta.

Watu wa Kampala wanaijua hali hii kwa ukubwa wake. Sheria ya 2010 iliyounda KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilimweka mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais kando ya meya anayechaguliwa na wananchi, na mvutano kati ya mkurugenzi Jennifer Musisi na meya Erias Lukwago ukafika mahali ambapo Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa meya. Katika mji wa namna hiyo, kumpelekea mmoja barua ni kujitangaza adui wa mwenzake. Kwetu mambo hayajafika huko, lakini tumejikinga kwa njia rahisi: nakala mbili, siku moja, moja kwa Karani na moja kwa Spika. Kisheria baraza linapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi 2, na Spika ndiye anayeongoza vikao hivyo. Hoja iliyomfikia ina siku ya kutajwa.

Hata njia ikiwa safi, wakati nao una yake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, bajeti hupitishwa kabla Mei haijaisha, na mkutano wa kuijadili hufanyika mnamo Oktoba au Novemba. Vipaumbele hukaa hapo, na vikishakaa havisogei kirahisi. Jukwaa letu lilizoea kukutana Machi, kwa sababu ndipo fedha ya nauli hutoka. Yaani tunaulizwa tupike nini wakati sufuria imeshaepuliwa.

Na huo mkutano wa bajeti wenyewe uone. Viti vya plastiki, turubai la zamani la kampeni limegeuzwa pazia, projekta, na afisa mipango anasoma makadirio kwa Kiingereza, tarakimu ndogo ambazo hata safu ya mbele haizioni. Kando yangu alikaa Hajati mmoja wa mitumba, mwanakamati mwenzangu. Akaniinamia.

"Katibu, mwanangu, hapo soko liko wapi?"

Nikamwonyesha mstari.

"Na hizo ni fedha ngapi?"

Nikamsomea. Akatafakari kidogo, akasema, "Basi hizo si za soko. Hizo ni za mishahara ya wanaokaa sokoni na kalamu."

Alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameiona kabla kansela yeyote hajainua mkono.

Nimeyarudia maneno yake mara nyingi, kwa sababu ndiyo yaliyonifungua macho kuhusu kimya cha jiji. Sehemu kubwa mno ya fedha za serikali za mitaa nchini hutoka serikali kuu zikiwa zimeshafungwa masharti: hizi za walimu, hizi za vituo vya afya, hizi za barabara fulani. Jiji linazipitisha tu. Kodi ya kichwa iliondolewa 2005. Kodi mbili zilizoletwa 2008 kufidia, ya huduma na ya hoteli, hazikuliziba pengo. Kodi ya majengo haimhusu mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe. Kinachobaki mkononi mwa baraza ni ushuru wa soko, leseni za biashara, maegesho na vitu vya aina hiyo. Ni kidogo, lakini ndicho pekee ambacho ushauri wa raia unaweza kukigeuza ndani ya mwaka. Kamati inayolijua hilo haipotezi vikao vitatu kudai hospitali. Inauliza ushuru wa soko unakwenda wapi na taka za soko zinazolewa lini.

Lakini nani atuambie? Ninaamini kimya cha jiji kina aibu ndani yake kuliko dharau. Kujibu kwa ukweli ni kukiri kwamba jumba lote lile, na bendera yake, na magari yake, halina uwezo wa kuhamisha shilingi kutoka fungu hili kwenda lile bila ruhusa ya Kampala. Meya aliyesimama juu ya lori akiahidi daraja ataandikaje kwa mkono wake, "jambo hili haliko katika uwezo wetu"? Haandiki. Na raia naye akiona kimya anakisoma anavyojua yeye: wamekula. Neno hilo nalisikia sokoni kila siku, na siku hizi hujiuliza ni mara ngapi jibu la kweli lingekuwa "hatukupewa". (Mara nyingine wamekula kweli. Hiyo ni makala nyingine, nayo inahitaji wakili.)

Habari ya njia za mawasiliano nitaipitia haraka, maana watu huipenda kuliko inavyostahili. Kila warsha huisha kwa pendekezo la kufungua ukurasa au kundi jipya. Ofisi moja ninayoijua iliwahi kubandika tangazo la mkutano kwenye Facebook, mtandao ambao umefungwa nchini tangu Januari 2021, hauingii bila VPN. Kisha ikashangaa watu hawakuja. Redio inafika zaidi, ila ina ubaya wake: mara kadhaa wanajukwaa tumesikia hewani, pamoja na kila mtu, uamuzi kuhusu jambo tulilolishauri sisi. Unakuwa umekaa na majirani, wanakugeukia, "Katibu, mbona hukutuambia?" Unawaambia nini?

Kilichofaa kwetu ni kidogo sana. Muhtasari wa vikao huandikwa Kiingereza, na wenzetu wengi hawakisomi. Hajati anasoma Qurani na Kiswahili, basi. Kwa hiyo baada ya kila kikao narekodi sauti fupi kwa Kiswahili na kuituma kwenye kundi: limeamuliwa hili, limeahirishwa lile, fulani atafuatilia. Wasio na simu ya kutosha humsikiliza jirani. Nimegundua hata makansela wawili wameomba waingizwe kwenye kundi, nadhani kwa sababu muhtasari wa baraza lenyewe hawausomi pia.

Jambo moja lilifanikiwa vizuri, na linastahili kuelezwa kwa urefu. Choo cha soko kilikuwa kinafunguliwa saa moja asubuhi. Malori ya mboga hushusha saa kumi alfajiri. Kwa hiyo wanawake wanaopokea mizigo, wengine wana mimba, wengine wamekuja na watoto mgongoni, walikaa muda wote huo bila pa kwenda ila nyuma ya maghala, gizani, na huko nyuma ya maghala kuna watu ambao hungependa dada yako akutane nao. Kila mtu sokoni alilijua hili. Jukwaa lilikuwa limeshaliandika, lakini ndani ya barua yenye kichwa "Hali ya Usafi Sokoni" iliyobeba hoja zisizopungua kumi, choo kikiwa kati ya panya na bomba lililopasuka. Barua kama ile haina mwenyewe. Kila ofisi inaona kipande chake na kudhani kipande kikubwa ni cha mwingine.

Mama mmoja anayeuza nyanya ndiye aliyetupa ufunguo. Alisema choo kina mzabuni, na mkataba wa mzabuni hufanywa upya kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza. Basi tukaandika ukurasa mmoja, jambo moja, miezi miwili kabla. Hatukulalamika. Tuliandika sentensi tuliyotaka iingie kwenye mkataba: mzabuni atafungua choo saa kumi alfajiri na kuweka taa mlangoni. Nakala ya kwanza tukampa mwenyekiti wa kamati ya kudumu inayosimamia masoko, ya pili Karani. Afisa wa ununuzi aliinakili sentensi ile ilivyo, hata koma yake. Jiji halikutoa shilingi. Siku mkataba ulipoanza kufanya kazi, yule mama wa nyanya alikuja kibandani kwangu na fungu la nyanya, akakataa kulipwa, akataka nimchapie barua nyingine kuhusu mizani.

Hapo ndipo ninapowalaumu wenzangu wa kujitolea. Wengi wetu tunapeleka kilio, tukiita ushauri. Kilio kina haki yake, lakini afisa aliyekaa na fomu mbele yake hajui akijaze kwenye safu gani. Wengine hujifanya makansela wadogo: wanamsimamisha mkandarasi barabarani, wanadai vitambulisho, wanatoa amri. Watu wa namna hiyo ndio wanaowapa maofisa sababu ya kufunga mlango kwetu sote.

Kuna aliyewahi kupendekeza tutumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi. Ni sheria nzuri, na ninazo fomu zake kibandani. Lakini ni ya kudai karatasi. Sisi tunahitaji kauli, na tunahitaji wiki ijayo tuweze kuingia ofisi ile ile na kusalimiana. Ukianza na kifungu cha sheria unapata karatasi yako na unapoteza salamu yako. Niliwashauri tuiweke akiba, na sijabadili mawazo.

Tulichoomba badala yake ni daftari. Daftari la kawaida la mistari, likae masijala, lenye safu nne: hoja, tarehe, ofisi, jibu. Karani aliyekuwepo alikubali, akahamishwa. Huu nao ni ugonjwa wetu: makarani wa majiji huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma, si na baraza, na wakihamishwa huondoka na kila walilokubali kwa mdomo. Aliyekuja ni mama mkali, mwenye haraka, anayesoma kila kitu. Nilimwendea na daftari mkononi.

"Mzee Katibu," akaniambia, "nikianza kuwajibu ninyi kwa maandishi, kesho kila LC atataka jibu la maandishi. Nitapata wapi watu wa kuandika?"

"Madamu, si barua. Ni neno moja: ndiyo, hapana, au si letu. Kisha mstari mmoja wa sababu."

"Na hiyo hapana mkiipeleka redioni?"

"Itakwenda redioni, Madamu. Kimya nacho huenda redioni, tena kikienda hakuna sababu ya jiji inayosomwa pamoja nacho."

Akacheka kwa pua. Akasema tutajaribu mpaka mkutano wa bajeti ujao, na kwamba asiyeandika mwandiko unaosomeka asiguse daftari lake. Limekuwa lake papo hapo, nilifurahi.

Majibu ya kwanza yalipotoka, jukwaa zima lilikuja, hata mwenye hoteli. Ndiyo zilikuwa chache. Hapana zilikuwa kadhaa, na watu walizipokea kwa utulivu ambao sikuutarajia. Mwendesha bodaboda mmoja aliyenyimwa kivuli cha kuegesha alisema angalau sasa anajua ni kwa sababu ya bomba la maji chini, hatapiga kelele bure. Lakini zilizowashtua watu ni "si letu". Mtaro ule wa soko la chini, ambao tumeuandikia tangu enzi za manispaa, ambao wenyeviti wawili wa jukwaa wameupigania na kustaafu, ulijibiwa hivi: si letu, barabara ni ya taifa. Barabara inayopita pale ilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, na UNRA ilipovunjwa mwishoni mwa 2024 ikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Jiji haliruhusiwi kuuchimba hata likitaka.

"Kumbe miaka yote tunamdai asiyetukopa," akasema Hajati.

Mwalimu mstaafu akasimama kwa kanuni na kuuliza kwa nini mhandisi, aliyeandika "Nimeona" mara zote hizo, hakuongeza maneno mawili. Ugomvi ukawa mkubwa, mzuri, wa mambo ya kweli: wengine wakitaka tumwandikie mhandisi barua kali, wengine wakisema mtu ameshajibu, tusimwadhibu kwa kujibu. Waliosema tumwache walishinda. Sasa tunaiandikia wizara, ukurasa mmoja, na picha tatu za mtaro mvua ikinyesha. Nimeshaichapa. Kilichoikwamisha ni sahihi: mwenyekiti wa jukwaa anasema ni yake, kansela wa eneo anasema barua ya kwenda Kampala haiwezi kupita bila yeye, na Karani anataka aione kwanza kabla haijatoka. Kikao ni Alhamisi, baada ya swala ya alasiri.